Simu Kumi na Mbili Kabatini

Jumatatu, 8 Desemba
Simu kumi na mbili kabatini. Machi zilikuwa kumi na mbili vilevile! Zamani mtu alibadili simu kila baada ya miaka miwili. Siku hizi anafika mwaka wa tano, anaipangusa tu. Adui namjua: Rukaya, fundi simu wa ng'ambo ya njia. Betri mpya, kioo kipya, mtu anaondoka anacheka. Leo kahudumia kumi na tisa. Mimi mmoja, kaomba chenji. Krismasi ikipita bila kuuza hata moja, nafunga fremu ya duka, narudi nyumbani Shirimatunda kutazamana na kuku.
Simu yangu imeita mara moja. Tapeli, wale wa 'ile hela itume kwenye namba hii'. Tumeongea dakika sita. Ana adabu.

Jumanne, 9 Desemba
Akili! Nimebandika tangazo mlangoni: kuanzia Januari, simu ya zaidi ya miaka mitatu haitashika mtandao. Nusu ya soko la Kiboriloni wakasimama kusoma. Saa nzima nina watu!
Akaja Mwalimu Leonia, mstaafu wa Himo. Shikamoo yangu akaiitikia bila kunitazama. Akauliza nani kasema hayo. Nikasema wakubwa. Papo hapo tapeli akapiga. Nikatoa simu mfukoni: kioo nyufa tupu, mgongo umefungwa rababendi. Mwalimu akauliza ina miaka mingapi. Mbele ya mwalimu siwezi kudanganya. Saba.
Walicheka hadi wauza ndizi. Mmoja akapaza sauti kwamba mangi mwenye duka anatuuzia pilau, mwenyewe anakula kiporo.

Jumatano, 10 Desemba
Hakuna aliyeingia. Hata wa chenji. Tapeli naye kimya.

Ijumaa, 12 Desemba
Mila ya Wachaga! Mtu ukimpelekea jani la isale kuomba radhi, hawezi kukukatalia. Nimekata moja mpakani mwa shamba langu, bichi, halina doa. Hesabu yangu: namwomba Rukaya radhi kwa lile tangazo. Akishalipokea, nachomekea ombi la pili: aache kutengeneza simu hadi Krismasi.
Kalipokea kwa mikono miwili. Radhi imepita. Kusikia la pili, kacheka mpaka kashika meza. Akasema yeye ni Mwislamu wa mjini, lakini hata yeye anajua isale ni la kuombea msamaha, si wateja. Kisha akaniambia, mangi Eliufoo, lete hiyo simu, inanitia aibu.
Kioo na betri, dakika arobaini kwenye kigoda chake. Akauliza mchana nimekula nini. Sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa. Bei ya haki. Nimeirudia hesabu mara mbili kutafuta kosa.

Jumatatu, 15 Desemba
Kabatini kumi na mbili. Tangazo jipya liko tayari: simu za zamani huharibu macho. Kesho mlangoni. Safari hii hawachomoki!
Simu yangu imeanguka sakafuni. Bahati mbaya. Haikupasuka, vioo vya Rukaya vigumu mno. Ikaanguka tena. Mara ya tatu nikaisaidia kidogo.
Navuka njia sasa hivi. Kigoda kiko wazi.