Nje Nyuzi Sita

Jumatatu, 20 Novemba

Saa imekufa. Ile ya juu ya mlango wa gari-nyumba letu, yenye namba tatu: saa yenyewe, joto la ndani, joto la nje. Asubuhi nimeikuta imeganda kwenye nyuzi nne nje. Nikaipiga kofi. Ikatoa nane tupu mstari mzima, kisha ikazimika. Unyevunyevu umeila. Hapa nyuma ya tuta la bahari unyevunyevu unakula kila kitu, na mimi nikiwemo.

Kwanza nilifurahi. Mwezi wa Juni nilimwahidi mke wangu Tomma kwamba siku saa hiyo itakaposoma sifuri nje, ataenda kwa dada yake Hilke kule Oldenburg, akae kwenye nyumba yenye kuta mpaka baridi iishe, na mimi sitanuna. Aliniahidisha kwenye kikombe cha tatu cha chai. Kwetu sisi Wafrisia, watu wa pwani ya kaskazini ya Ujerumani, neno la kikombe cha tatu halirudishwi. Lakini nani anaogopa sifuri mwezi wa Juni?

Sasa saa hakuna, sifuri hakuna. Nimemweleza hivyo kwa upole. Tomma akasema sawa, basi kila asubuhi atakuwa anamuuliza Folkert.

Folkert! Jirani yetu, mlinzi mstaafu wa lango la maji. Ana kipimajoto juu ya mlingoti kando ya karavani yake, na kila kukicha anakisoma kwa sauti, utadhani bado kuna meli zinamngoja. Nina hakika huwa anapunguza. Lazima nipate saa mpya kabla hajafungua mdomo.

Naogopa, sifichi. Nyumba yetu tuliiuza ili twende Ureno. Tumefika hapa. Tomma akiondoka nitabaki na Folkert.

Jumanne, 21 Novemba

Nimenunua saa mjini. Ya zamani ilikuwa na waya uliopita ukutani mpaka chini ya bampa. Hii haina waya. Ina kidude cheupe cha kutundika nje, kinapeleka habari chenyewe. Maelekezo yanasema kitundikwe kivulini, upande wa kaskazini, mbali na kitu chochote cha moto. Nimeyasoma mara mbili kwa furaha kubwa. Haya, nimekitundika upande wa jua, juu kidogo ya bomba la moshi la hita.

Waya wa zamani ulikataa kutoka. Nikachukua drili, nikapanua tundu. Nilikuwa nusu ya kazi Folkert akagonga dirisha. Akaniuliza kama nimesahau kwamba tangu saa saba hadi saa tisa mchana kambi yetu nzima ya magari-nyumba imelala. Kwenye saa hizo hapa hata mbwa hawabweki. Nikamwonyesha saa yangu mpya: saa tisa na robo. Akanionyesha mkono wake: saa nane na robo.

Kumbe saa hii hujirekebisha yenyewe kwa mawimbi ya redio, ila ndani ya kuta zetu za bati haisikii kitu. Nilikuwa nimeitegesha kwa saa yangu ya mkononi, ambayo sikuirudisha nyuma saa moja mwezi uliopita, kama wengine wote huku wanavyofanya kila baridi inapokaribia. Napinga jambo lile kwa kanuni. Folkert akasema, "Jirani, saa yako mpya inakimbia. Tuombe kipimajoto chake kiwe na adabu."

Tundu sasa linaingia kidole gumba. Liko juu kidogo ya bomba la maji la jikoni na linatoa upepo. Nimeliziba kwa soksi ya Tomma. Saa mpya ni ndogo kuliko ya zamani, imezungukwa na alama nyeupe ukutani. Tomma anasema ukuta unaonekana kama umebanduliwa bandeji.

Jumatano, 22 Novemba

Nje: nyuzi ishirini na moja. Novemba hii!

Tomma aliitazama saa kitambo kirefu. Akavua koti, akabaki na blauzi ya kiangazi, akasimama mlangoni huku ameshika kitasa. Nikasoma gazeti. Akatoka, akapanda tuta, akatembea kule juu upepo ukimpiga. Alirudi midomo ya bluu. Akachemsha chai. Niliona aibu kidogo. Kisha nikatambua kwamba kosa ni langu kweli: kidude kiko karibu mno na moshi.

Nimekihamishia kwenye kile kisanduku cha nje ninakoweka kamba na buti, kinachopakana na hita. Nimekifunga kwa soksi ya pili. Sasa inasoma sita. Sita ni namba ya heshima. Hakuna mtu anayeitilia shaka sita.

Ijumaa, 24 Novemba

Folkert: moja. Saa yetu: sita.

Mzee amekuja mwenyewe. Amesimama mlangoni mikono nyuma, akamwambia Tomma nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Tomma akajibu kwamba saa yetu inasema sita. Nikaeleza kuwa mlingoti wake umekaa kwenye upepo wa Norwe na sisi tumekingwa na tuta. Folkert akanitazama vile alivyokuwa akitazama manahodha walevi. "Njia ya mwongo ni fupi, jirani," akasema. "Na leo inateleza." Kisha akaketi akanywa vikombe vyake vitatu pole pole, akamaliza malai yetu yote.

Mchana nimekumbuka adui mwingine: vali ya tangi la maji. Iko chini ya kochi, sakafuni penye baridi. Ikihisi baridi inakaribia kuganda, inafunguka yenyewe na kumwaga maji yote chini ya gari, mabomba yasipasuke. Haina akili ila ni mwaminifu, na soksi haiihongi. Ikifunguka, Tomma atasikia maji yakienda, na mchezo umekwisha. Nimeibana kwa kibanio cha nguo. Kila mwenye gari-nyumba hapa amewahi kufanya hivyo usiku mmoja wa baridi kidogo, akakitoa asubuhi. Mimi sikitoi.

Tomma ametoka mjini na furushi kubwa. Ameliweka kabatini juu ya kitanda na kunikataza kuligusa. Bila shaka ni begi la safari. Nimekaa karibu nalo jioni nzima na sikuweza kula.

Jumapili, 26 Novemba

Siku mbaya. Niandike haraka.

Folkert alitangaza chini ya sifuri nyuzi saba. Saa yetu: sita. Tomma akafungua bomba ajaze birika. Bomba likakohoa, likanyamaza. Akatazama bomba, akatazama saa, akatazama bomba tena. Nikasema ni pampu.

Haikuwa pampu. Lilikuwa tundu langu. Usiku kucha baridi imepita kwenye soksi ikakaa juu ya bomba la jikoni, na maji yalikuwemo humo kwa sababu kibanio kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Nikachukua mashine ya Tomma ya kukaushia nywele, nikalipasha bomba joto. Barafu ikayeyuka. Hapo ndipo ufa ukajitokeza. Maji yaliruka mpaka dari. Soksi ilichomoka tunduni ikatua kwenye bakuli la sukari.

Folkert akaingia na ndoo bila kubisha hodi. Akazima pampu. Akainua mto wa kochi, akatia mkono, akatoka na kibanio. Nilingoja methali. Alimkabidhi Tomma kile kibanio, akaenda zake kuleta maji ya chai. Laiti angesema methali.

Tomma akatengeneza chai kwa maji ya Folkert. Donge la sukari, chai, malai juu yake bila kukoroga, kama siku zote. Tukanywa kikombe cha kwanza. Nikanyoosha mkono nimjazie cha pili. Akatia kijiko kikombeni mwake.

Kwetu kijiko kikiingia kikombeni, imetosha. Na kabla ya kikombe cha tatu hakuna mwenye adabu anayefanya hivyo, hata nyumbani kwa mtu asiyempenda. Tangu nimwoe sijawahi kuona kijiko cha Tomma kikiingia mapema. Nilibaki nimeshika birika hewani.

"Nilijua tangu Jumatano," akasema. "Nilisimama mlangoni na blauzi ili uniambie nisitoke."

Nikasema maelekezo ya saa yalikuwa na utata.

"Harm, mume wangu, mimi hiyo sifuri sikuwa naihesabu tena. Nilikuwa nangoja asubuhi moja tu uniambie kwa kinywa chako: Tomma, leo ni baridi. Ningekaa."

Akalishusha furushi lake. Halikuwa begi. Lilikuwa blanketi la sufi, zito, la watu wawili. Akalitandika kitandani, upande wangu na wake, akalinyoosha kingo. Kisha akavaa koti, na Folkert akampeleka stesheni.

Limeniuma sana lile blanketi. Lina joto la ajabu.

Jumatano, 29 Novemba

Niko peke yangu.

Folkert amebadilisha kipande cha bomba. Mimi nilishika tochi. Tundu limezibwa kwa gundi inayostahili. Kibanio kimerudi kwenye kamba ya nguo. Kidude nimekitundika kaskazini, kivulini, mbali na kitu chochote cha moto. Saa niliibeba mpaka juu ya tuta, nikakaa nayo mapajani kama mtoto mgonjwa hadi ikasikia mawimbi yake. Sasa haikosei hata kidogo. Sijawahi kumiliki kitu cha kweli namna hii, na hakinifurahishi hata chembe. Nje: chini ya sifuri nyuzi nne. Ndani: kumi na moja. Nimejimiminia kikombe cha tatu, lakini neno la kikombe cha tatu utamwambia nani?

Mchana simu ikalia. Tomma! Sauti yake ilikuwa ya taratibu, haikuwa na hasira. Aliuliza kama nakula. Nikasema nakula. Aliuliza kama bomba linashika. Nikasema linashika. Akasema kwa Hilke ni kuzuri ila televisheni haizimwi, na anapata shida ya usingizi. Nilisikia sahani zikigongana nyuma yake, walikuwa mezani kwenye chai.

Kisha akauliza, pole pole sana, "Na huko nje, Harm, ni nyuzi ngapi?"

Bahati hairudi mara mbili, na hii ilikuwa imerudi. Nikaitazama saa: chini ya sifuri nyuzi nne. Nikatazama dirisha: barafu, upande wa ndani.

"Tisa," nikasema. "Jua linawaka. Folkert yuko nje na shati."

Halafu nikasikia kijiko kikiingia kikombeni. Akasema nimsalimie Folkert, akakata.

Nimelala chini ya blanketi la watu wawili alasiri nzima nikilifikiria jambo hili, na nimekwisha kuona nilipokosea. Tisa ni kidogo mno. Nani aache nyumba yenye kuta kwa sababu ya nyuzi tisa? Kesho nitampigia mwenyewe, nimwambie kumi na nne.