Gagulo Mtandaoni

Jumatatu, 3 Juni

Siku imeharibika kabla ya chai. Nimemkuta mke wangu ameinamia simu, anacheka peke yake. Nikauliza kulikoni. Akanigeuzia kioo. Povu.

Povu ni dobi wa ng'ambo ya barabara. Jina lake halisi nalijua ila silitaki. Alikuja kwangu hajui kutenganisha nguo nyeupe na za rangi. Nikamfundisha. Alipoiva akavuka barabara na kufungua duka linalotazamana na langu. Sasa amejirekodi akikamua shati jeupe huku anaimba, povu limemfika viwikoni, na watu maelfu wamempenda. Wanapenda nini? Kila dobi ana povu.

Mke wangu akasema wateja wa siku hizi wanapatikana kwenye simu. Nikamjibu kwamba nguo hazifuliwi kwenye simu. Akasema ni kweli, ila hata dukani kwetu siku hizi hazifuliwi. Nikaondoka bila kumaliza chai.

Tena chumba cha duka ni cha mama mkwe. Ametuachia tufanyie kazi, mwenyewe anaishi nyuma, na dirisha lake linatazama kamba zangu. Kila shati linalopungua kambani analiona. Jana ameniuliza kama watu wameacha kuchafuka.

Jioni nimefungua ukurasa. Nimeuita Dobi Halisi. Hilo neno "halisi" Povu atalielewa.

Wafuasi hadi sasa: mke wangu, shemeji yangu, na mtu anayeuza matairi.

Jumanne, 4 Juni

Video ya kwanza. Mke wangu ameshika simu, mimi napiga pasi huku nikieleza siri za kazi. Nimeeleza vizuri mno. Kasoro ni kwamba ukitazama simu huwezi kutazama pasi. Nilipofika pale pa kusema nguo yako iko kwenye mikono salama, moshi ukapita mbele ya uso wangu.

Lilikuwa shati la mwalimu wa udereva. Alama ya pasi imekaa katikati ya mgongo, nyeusi, na ncha yake.

Mwenyewe alikuja mchana. Hakufoka. Alisema kazi yake ni kufundisha watu kutazama wanakokwenda, na kwamba mimi angenifelisha. Akachukua nguo zake zote, hata zilizokuwa mbichi. Akasimama ukingoni mwa barabara, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka kwa utaratibu hadi kwa Povu.

Video nimeifuta. Shemeji alikuwa ameshaisambaza. Anasema alidhani ndiyo maana ya kuniunga mkono.

Alhamisi, 6 Juni

Sina hamu na binadamu.

Asubuhi niliandika maoni chini ya video ya Povu. Kwa adabu kabisa. Nilisema ukamuaji ule unaua kola, na kwamba fundi anayejua kazi yake haimbi. Wakanirukia kama nyuki. Mmoja akaandika: dobi anatoa povu. Mwingine akasema, acheni alitoe, nguo zitakate. Siku nzima nikawa kichekesho. Halafu Povu mwenyewe akajitokeza, akawaambia huyu ndiye aliyenifundisha kazi, mheshimuni. Unafiki mtupu. Bora angenitukana. Tusi lina majibu, heshima utaijibu nini?

Mchana nikafungua ukurasa wa pili kwa jina la Mama Pacha. Mama Pacha ana watoto mapacha na ameridhika mno na Dobi Halisi. Akasifu. Nikamshukuru. Naye akanishukuru kwa kumshukuru. Tulikuwa tunakwenda vizuri mpaka niliposahau kubadilisha ukurasa, Dobi Halisi akaandika: "Mume wangu naye amefurahi sana."

Shemeji akauliza hadharani ni mume yupi. Mke wangu akauliza nyumbani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeipata siri. Ni picha za kabla na baada. Watu hawapendi usafi, wanapenda uchafu wa wenzao.

Tatizo, uchafu wenyewe sina. Wateja waliobaki wananiletea nguo zilizovaliwa mara moja. Nimepekua duka zima kwa hasira. Nyuma ya mlango nikakuta beseni limefunikwa taulo, na ndani yake gagulo limelowekwa. Gagulo kuukuu la kuvaa chini ya gauni, lina madoa ya kuvu kwenye pindo. Si hilo tu. Limeshonwa kwa mfuko wa unga, na pale makalioni maandishi bado yanasomeka: UNGA BORA, DARAJA LA KWANZA.

Riziki haina mwenyewe. Sikuuliza ni la nani, mteja ni mteja. Mke wangu yuko kwa dada yake aliyejifungua, kwa hiyo hapakuwa na wa kunipinga. Nikalikamua, nikalitandaza mezani, nikalipiga picha pande zote, hasa ule upande wa unga. Halafu nikalitia dawa kali ya kung'arisha. Likatoka jeupe kama karatasi. Hata maandishi yaliondoka. Nikaposti picha zote, na maneno haya tu: "Hata hili tunaliweza."

Jumamosi, 8 Juni

Nimevuma. Simu imepata joto mfukoni. Maelfu kwa maelfu. Povu na video yake amebaki mbali nyuma. Nimepita mbele ya duka lake mara mbili nikipiga mluzi. Alinisalimia. Wivu.

Hata hivyo nina kinyongo. Wote wanalisema gagulo, dobi hatajwi. Wanauliza mwenye gagulo yuko daraja gani sasa. Mmoja tu ndiye aliyenipigia simu, nikashika kalamu haraka. Alitaka kujua kama unga upo.

Jumapili, 9 Juni

Kila Jumapili akina mama wenzake hukutana chumbani kwa mama mkwe. Leo nimesikia kicheko chao kupitia ukutani. Kicheko kirefu. Kisha kikakatika.

Mama mkwe akatokea mlango wa mbele. Hajawahi kuingilia huko. Ameshika simu ya mtu, ameinyoosha mbali na mwili kama kitu kinachonuka.

"Baba, hili umelitoa wapi?"

Nikasema la mteja.

"Mteja gani?"

Nikasema dobi hatoi siri za wateja.

"Mteja huyo ni mimi."

Nilitafuta pa kuweka uso wangu. Gagulo la mama mkwe. Nimelikamua kwa mikono yangu, nimelitandaza mezani, nimewaonyesha walimwengu.

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. Alisema marehemu baba mkwe, aliyekuwa fundi cherehani, alimshonea mwaka waliooana, nyumbani hamna kitambaa ila mfuko wa unga. Yale maandishi aliyaweka pale makusudi. Alimwambia kwamba kila mtu na ajue amepata mke wa daraja la kwanza. Mama akacheka wiki nzima. Gagulo halivai. Hulitoa mara moja moja, akalishika, akalirudisha sandukuni. Safari hii alikuta limeingia kuvu, akamwomba mke wangu amlowekee kwenye maji matupu. Maji tu.

"Kazi ya dobi ni kuanika nguo," alisema. "Wewe umenianika mimi."

Akalidai. Nikampa. Akaligeuza upande wa nyuma, kisha wa mbele, kisha wa nyuma tena. Akapitisha kidole pale maneno yalipokuwa. Akatoka.

Mke wangu amerudi jioni. Mto wangu umehamia sebuleni.

Nina hasira na beseni lisilo na jina. Nina hasira na taulo. Zaidi nina hasira na Povu, maana bila kuimba kwake haya yote yasingetokea.

Jumanne, 11 Juni

Kikao cha familia. Shemeji mkubwa, kaka wa kwanza wa mke wangu, ndiye aliyekiendesha, na kikohozi chake cha kujipa umuhimu. Nilipoitwa nikapiga magoti. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yote yakayeyuka. Nikamfikiria baba mkwe, ambaye sikuwahi kumwona, ameinama kwenye cherehani akipanga herufi pale zitakapokaa, anacheka mwenyewe. Nikalia. Nasema kweli, nililia.

Mama mkwe aliinuka akanisogelea. Kisha akaniwekea mkono kichwani.

"Mwanangu, nimekusamehe," alisema. "Chumba cha duka nimempa yule kijana wa ng'ambo."

Povu. Kumbe jana alipita mlango wa nyuma. Alikuwa ameziona herufi kwenye picha zangu mimi mwenyewe, akamwomba mama ruhusa, akazishona upya kwa uzi wa buluu palepale zilipokuwa. Mama akalifungua gagulo mapajani pake mbele ya wote. Daraja la kwanza, linasomeka. Herufi G imepinda, lakini hakuna aliyetaka kunisikia.

Uamuzi ni huu. Povu anahamia dukani kwangu, mimi nitakuwa mpiga pasi wake. Ukurasa ufutwe. Simu ibaki nyumbani saa za kazi. Nimekubali yote. Mto wangu umerudi chumbani.

Jumatano, 12 Juni

Ukurasa wa Dobi Halisi nimeufuta. Mtu ni neno lake. Mama Pacha naye nimemfuta, ingawa yeye hakumkosea mtu.

Nimefungua mwingine, Dobi Aliyesamehewa. Huu haukukatazwa na yeyote. Simu nayo ibaki nyumbani, na imebaki. Ni mimi ndiye niliyebaki nayo. Povu nimemtumia salamu kwamba naumwa.

Ni hivi: jana kabla ya kupiga magoti nilikuwa nimeiegemeza simu kwenye chupa ya chai, inarekodi. Kwa kumbukumbu ya familia tu. Imetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Machozi yamo, mkono kichwani umo, gagulo mapajani limo na herufi zote zinasomeka. Kuiacha ndani ingekuwa uchoyo. Nimeiposti asubuhi.

Watu wanalia mpaka sasa. Na hatimaye, baada ya mateso yote haya, wameniuliza duka liko wapi. Nimewaelekeza mtaa, mlango, na dirisha la mama. Nimewaambia mama hushinda pale siku zote, waje walione gagulo lenyewe.

Shemeji ameniandikia kwamba kuna foleni dukani hadi barabarani, hakuna aliyebeba nguo, na mama amejifungia ndani. Shemeji hajui biashara. Wakishajipanga, nguo zitafuata.

Sasa mke wangu anapiga. Hii ni mara ya tano. Nitapokea nikimaliza kuwajibu watu. Pongezi haziozi.