Kope za Jenipher

Jumatatu, 8 Agosti 1994
Nimerudi kisimani na hasira. Jirani yangu Marietha bado anasimulia harusi ya binti yake. Eti siku ya kukabidhiwa kwa wakwe alilia mpaka akazimia, wakampepea kwa sinia. Itigi nzima tumelichoka hilo sinia! Leo kaniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama Jenipher wangu naye amelelewa vizuri kiasi cha kulia. Jenipher! Mwenye cheti cha ualimu! Nami niliyeishia darasa la nne ndiye niliyemzaa. Nikamjibu Jumamosi, kwenye harusi ya Jenipher, atajionea. Mimi nilipotolewa kwetu Mitundu nililia hadi mbuzi wakaitikia.
Halafu binti yake alipakwa wanja wa kijiti, akawa kama amekumbatia sufuria. Wangu atapakwa maskara.

Jumatano, 10 Agosti
Zamani tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Sasa ruksa, dukani kwa Gaspari kuna hadi rangi ya kope. Kijana mwenyewe shikamoo yake inatokea puani. Akatoa aina mbili. Moja kichupa kibaya kama cha dawa ya ng'ombe, akasema hiyo haitoki kwa maji. Nyingine kichupa cha dhahabu, akaonya ikilowa inatiririka. Nikamwambia mwanangu anakwenda kuolewa, haendi kuogelea. Nimechukua ya dhahabu. Anifundishe mimi!
Jioni nimejijaribia. Kibrashi kimeingia jichoni. Kope zikagandana, jicho la kushoto likagoma kufunguka. Mume wangu Mazengo akauliza nani kanipiga. Nikasema huu ni urembo. Akasema pole.

Alhamisi, 11 Agosti
Jenipher kapaka mwenyewe, mara moja tu, mkono hautetemeki. Kope zikasimama kama za ndama! Nikapiga vigelegele peke yangu.
Kisha mtoto akatamka kwamba Jumamosi halii. Akilia rangi itamshukia kidevuni, na picha zenyewe ni za rangi. Eti nichague, kope au machozi. Miezi tisa nimembeba, hakuna aliyenichaguzisha! Nikamweleza asipolia watu watasema hakupendwa kwao, alikuwa anahesabu siku aondoke. Akasema waache waseme. Waseme! Yeye anahamia Tabora. Mimi nabaki na nani?

Ijumaa, 12 Agosti
Nimepata njia. Atalia akiwa ameinama, machozi yadondoke moja kwa moja chini, yasiguse shavu. Nimemketisha kwenye kigoda, beseni mbele yake, asubuhi nzima. Hakuna tone. Amecheka mpaka kigoda kikapinduka. Wifi yangu Rahabu naye anacheka, shangazi mtu mzima!
Sawa. Nimekata kitunguu, cha kwetu Singida, si cha mchezo. Nimekifunga kwenye leso. Kesho nitajifanya namfuta jasho. Matone mawili matatu, watu waone, basi. Hajui mtu.

Jumamosi, 13 Agosti
Sitaki kusema na mtu. Naandika tu.
Alipendeza! Watu walisimama kwenye mabenchi. Rahabu akamshika mkono kumkabidhi kwa wazee wa Enock, mume wake. Wote wanatazama macho. Makavu! Tena anatabasamu! Nikasogea na leso. Akainusa akiwa mbali, akageuza uso. Kwa hasira nikajisahau, nikajifuta jasho mwenyewe.
Moto! Na nilikuwa nimejipaka maskara macho yote mawili, mama wa bi harusi asijipake ana nini? Nyeusi ikashuka mpaka kwenye kola. Mpiga picha akapiga. Akapiga tena, mshenzi. Kitoto cha mgeni mmoja kikaangua kilio kwa kuniogopa.
Marietha akapita akisema kwa sauti, "Pole Mama Jenipher. Hata mimi ningelia, mtoto akiniacha mkavu hivyo."
Nimelala na hilo neno kifuani kama jiwe la kusagia.

Jumapili, 14 Agosti
Asubuhi Jenipher na Enock walipita kuaga. Pikapu inanguruma nje, wanawahi treni. Akanikuta jikoni. Usoni hana rangi yoyote. Akanishika shingo, akalia. Alilia, jamani! Kwikwi, kamasi, mwili wote unatetemeka. Akasema nani huko Tabora atamgombeza. Bega langu likalowa chapachapa. Kilio cha daraja la kwanza! Na shahidi nani? Kuku!
Nikamwambia mwanangu, shikilia hapohapo, usimalize. Nikatoka mbio kumwita Marietha.
Marietha akaanza kutafuta kandambili. Kisha kitenge. Kisha akafunga mlango, kana kwamba ana cha kuibiwa. Tunafika, vumbi tu. Rahabu akasema walisubiri, wakapiga honi, Enock akahofia treni. Akasema mtoto aliuliza mama yuko wapi. Mara tatu.
Nimekaa jikoni mpaka mchana. Sikupika.
Kosa ni la Marietha. Mtu mzima hajui kandambili zake ziko wapi! Jioni nimemwandikia Jenipher kwamba nimemsamehe. Krismasi watakuja, na siku hiyo stesheni hujaa watu. Ashuke behewa la katikati. Asilie ndani ya treni akayamaliza machozi. Aanze akiniona, asimame palepale, alie taratibu, asiharakishe. Marietha nitakuwa nimemshika mkono tangu alfajiri.