Mtandao Wenu Unaishi Kwenye Mizani ya Majani Chai

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana au Bibi Meneja (nilipiga simu kuuliza ni yupi, ikakatika),

Natumai hujambo, na kwamba simu yako inashika mtandao hadi chooni. Yangu haishiki hata jikoni, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu.

Mimi ni Omariba, mkulima wa majani chai huku nje ya Kapsoit. Nina miaka arobaini na mmoja, sina mke, na ninamchumbia Gathoni, fundi cherehani wa huko Nairobi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu mtandao unapatikana mahali pamoja tu: kituo cha kuuzia majani chai, kando ya mizani, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Ukishuka, umeenda. Gathoni anasema yeye huupata ndani ya lifti. Lifti, Meneja! Mtu anaenda ghorofa ya nne tu na bado mnamsindikiza.

2. Kwa hivyo namtongoza Gathoni mbele ya foleni ya akina mama kumi na saba wenye magunia. Wanasikiliza bila kujificha. Mama Bosibori hunipigia kelele, "Omariba, weka utamu! Huyo si ng'ombe unaita!" Naye Phelis, karani wa mizani, hasimamishi kazi yake ya kutangaza kilo kwa sauti kwa ajili ya mapenzi ya mtu. Siku moja nilimwambia Gathoni nampenda kilo ishirini na nne.

3. Jumanne iliyopita nilimwomba tuoane. Mtandao ukaenda hapo hapo, kabla hajajibu. Niliinua simu, nikasimama kwa vidole vya miguu, foleni yote ikanyoosha shingo, hata Phelis akaacha kupima. Wapi. Sasa Gathoni anadhani nilikata kwa uoga. Uoga ninao, lakini sikukata.

4. Naomba haki. Mtandao wa Nairobi upunguzwe nusu, uletwe huku. Watakaokosa huko wapewe makreti, wapange foleni, na wapigiwe kelele na akina mama wasiowajua. Mnara mjenge shambani kwangu. Nitang'oa mistari mitatu ya chai aliyopanda marehemu baba, na ikibidi nitang'oa hata nyumba, kwani ni ya nini bila mke?

Nisalimie wafanyakazi wote ofisini, hasa yule dada wa kusema mteja hapatikani. Mwaka huu ndiye mwanamke niliyezungumza naye zaidi.

Ni mimi mteja wako mvumilivu, nikiwa nimesimama,
Omariba.

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilienda Kericho mjini, nikakaa kwenye benchi peke yangu, mtandao umejaa tele. Nikampigia Gathoni. Simu haikukatika hata kidogo. Nilimwuliza kuhusu mvua mara nne. Mwishowe akauliza wale akina mama wako wapi, kwa sababu jibu analo ila hawezi kulitoa wao wakiwa hawapo. Anasema mimi peke yangu ni mkavu sana, na waliomlainisha moyo ni wao. Basi mnara msijenge, na Nairobi msiiguse. Kesho saa tisa tunapima majani. Meneja, nakusihi, dakika moja tu mtandao usikatike. Naogopa sana.