Msemaji wa Mokrane

Jumatatu, 9 Machi 2015
Zita wa kwaya amekwama. Anasoma chuo kikuu hapa Columbus, anaandika juu ya majina katika Kikabyle, lugha ya Waberiberi wa Algeria. Asipompelekea mwalimu wake sauti ya mzawa ifikapo Ijumaa, muhula umekwenda na maji. Adriano, naye anayemtaka Zita, kajitolea kumpeleka Buffalo kwa gari lake, wakatafute mzawa. Mjanja huyo! Nikamwambia Zita asihangaike, ninaye Mberiberi halisi, Mokrane, tunapanga naye maboksi ghalani. Zita akifaulu kwa mkono wangu, atakataaje posa yangu?

Jumatano, 11 Machi
Mokrane kakubali. Kanifundisha kidogo. Mwanamume ni argaz. Ukisema amekuja mwanamume, argaz anageuka urgaz. Makubwa! Kwetu mtu ni mtu, aje asije. Niliandika yote kwenye boksi tupu. Msimamizi kalijaza viatu, limeondoka na lori.

Alhamisi, 12 Machi
Siku yangu! Nimempeleka Mokrane kwa Zita, Clintonville. Kwetu Warundi anayepelekwa ugenini hasemi, anasemewa. Tangu kambi ya wakimbizi nimeona hivyo kwenye kila posa. Nikamwambia Mokrane atulie. Zita akawasha kinasa sauti, akauliza, nikajibu. Mokrane akatikisa kichwa. Saa mbili nzima! Zita alijaribu kunikatiza mara nne, nikamwonyesha kwa mkono asubiri.

Ijumaa, 13 Machi
Zita kapiga simu. Amesema polepole, "Kaka Donati, humu ndani umesema wewe tu." Mokrane anasikika mara moja, akipiga chafya. Nililia chooni ghalani, sifichi. Mwalimu kamwongezea wiki moja. Jioni wamerekodi upya, mimi nimeambiwa nikae nje kwenye ngazi. Baridi hiyo! Mle ndani walicheka sana. Kumbe sarufi ina vichekesho.

Jumamosi, 21 Machi
Kazi ya Zita imepokelewa. Mokrane bado anakwenda kwake kila jioni, eti maneno hayajaisha. Si neno, wa kuchungwa ni Adriano na gari lake. Na mbinu ninayo! Baba mkubwa wa Zita yuko Louisville, na posa inataka msemaji. Nimemwomba Mokrane anisemee. Kakubali upesi mpaka nikaona haya. Nimemwazima suti yangu. Wameondoka asubuhi, yeye na Zita. Aliniuliza akifika aseme nini. Nikamwambia aseme kama anajisemea mwenyewe.

Mimi nimetulia nyumbani. Kwetu muoaji hasemi.