Maji Yameongezeka Mara Mia

Wananchi wote wanajulishwa kwamba uhaba wa maji umekwisha. Ulikwisha Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa waraka. Nashuhudia mimi mwenyewe, dereva wa lori la maji la Idara.

Zamani kila nyumba ilipata ndoo moja, lita ishirini. Mkurugenzi akaagiza tuache lita, tupime kwa mililita. Sasa kila nyumba inapata elfu mbili.

"Kutoka ishirini hadi elfu mbili!" alitutangazia mkutanoni. "Mara mia!"

Tukapiga makofi. Mhasibu alitokwa na machozi.

Mtaani watu ni wabishi. Mama Pacha, mwenye vichanga viwili na rundo la nepi, aliinamia ndoo yake.

"Baba, maji haya hata chura hazami!"

"Ni elfu mbili hizo, mama."

"Nepi hazijui kusoma."

Nilimweleza kitaalamu kwamba kosa ni la ndoo. Ni kubwa mno.

Ijumaa Mkurugenzi akanipigia simu. Wakwe zake wamekuja, na maji yamemkatikia katikati ya kuoga.

"Leta elfu tano nyumbani, upesi!"

"Kwa kipimo cha waraka, mkuu?"

"Kwani kuna kingine? Waraka ni waraka!"

Kazi ni kutii. Nikaenda na lori limejaa pomoni, Mama Pacha na wenzake wakilifuata na ndoo kama kawaida. Langoni nikapima elfu tano, bila kupunja, nikamkabidhi mkewe. Zilienea kwenye dumu la mafuta ya kupikia.

Mkurugenzi akatoka na taulo kiunoni, povu hadi masikioni.

"Lita, bwege wewe! Nataka lita!"

Mama Pacha akawageukia wenzake. "Jamani, mmesikia? Mkubwa kasema lita."

Agizo la mdomo la mkubwa hufuta la karatasi. Ndio utaratibu. Nikafungua bomba palepale, lita ishirini kila ndoo. Mkurugenzi akataka kupenya mbele, akakuta mama mkwe wake keshatangulia na beseni.

"Panga foleni, mwanangu," akamwambia. "Usitutie aibu."

Akashika mkia. Zamu yake ilipofika, povu lilikuwa limekauka, na lori pia.

Mama Pacha alimhurumia, akammiminia nusu ndoo.

"Elfu kumi hizo, baba. Ona, zako zimeongezeka maradufu."