Fundi Aliyeuza Mluzi

Osmel Carballo alikuwa kwenye dirisha la kuuzia kahawa la Migdalia, pale mjini Hialeah, akipuliza kikombe chake kidogo, aliposikia gari likikohoa kwenye kona. Watu wengine wakisikia gari linakohoa huingiwa na huruma. Osmel aliingiwa na njaa.

Likatokea gari jekundu la Kijapani, milango minne, turbo kubwa kama sufuria ya harusi, likaja kwa kushtukashtuka hadi mbele ya gereji yake iliyokuwa ng'ambo ya dirisha. Akashuka mwanamke wa makamo, kucha za dhahabu, nywele zimetengenezwa hata upepo uliziogopa.

"Dada yangu," Osmel akasema, tayari keshavuka barabara, "gari lako linaumwa."

"Na wewe ni daktari?"

"Ndivyo wanavyoniita."

Hilo halikuwa uongo. Waliomwita hivyo walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa ametoka kwake na furaha. Hapa inabidi tueleze ile elimu ya Osmel, maana si haki kumsema mtu bila kumpa sifa zake.

Mpenda magari wa Hialeah haamini macho yake, anaamini masikio. Ukizungusha ufunguo, kabla injini haijawaka, ile pampu ya mafuta iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma lazima ipige mluzi. Pampu kubwa, ile ya kumwaga mafuta kwa fujo, hulia. Ya kiwandani hunyamaza. Kwa hiyo gari lisilolia wenzako hulicheka, nalo linalolia hata mama yako hulijua likiwa mtaa wa pili. Osmel alilitafakari jambo hili kama wanazuoni wanavyotafakari, akafikia uamuzi: kama watu wananunua mluzi, pampu ya nini?

Basi alikuwa na pampu moja ya kweli, mpya, ndani ya boksi lake. Kila mteja alifunguliwa boksi, akaonyeshwa, akaruhusiwa kuishika. Ilikuwa imepakatwa na watu wengi kuliko mtoto wa kwanza wa mfalme. Mteja akishaondoka, boksi lilirudi kabatini. Osmel alitoa pampu ya zamani, akaivua kile kivazi cha mpira kinachoizuia isitetemeke, akaifuta kwa spiriti na kuirudisha mahali pake ikiwa uchi. Pampu iliyovuliwa nguo hupiga kelele, kama yeyote yule.

"Hiyo turbo," alimwambia yule mwanamke, "na pampu ya kiwandani? Ni kumnywesha ng'ombe kwa kijiko. Sikia linavyokohoa! Lina kiu."

"Masikini gari langu!" Mwanamke akashika kifua. Jina lake Idalmis Peraza, alisema, mwenye saluni upande wa mashariki. "Na hivi sasa hivi nimelijazia mafuta ya mashindano, tanki zima. Yale ya bei ya kuua mtu."

Osmel aliinama akakitazama kifuniko cha tanki. Mafuta ya mashindano hayauzwi kila kituo, na tanki zima la mafuta hayo si mchezo.

"Yatabidi yatoke, dada. Pampu haitoki kwenye tanki lililojaa. Ni usalama wako."

"Utanirudishia lakini?"

"Dada Idalmis! Nikuapie kwa Bikira Maria wa Caridad? Kila tone."

Akamrudishia kila tone kweli, ila la petroli ya kawaida kutoka kituo cha kona. Yale mengine aliyanyonya kwa mpira hadi kwenye madumu yake. Aliyanusa. Yalikuwa na harufu tamu, yenye kuwasha pua, na yeye aliyekwisha kusikia kwamba mafuta ya mashindano yana harufu tamu hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini siku ile nyuma hakukutazamwa.

Madumu yale alikuwa na mahali pa kuyapeleka. Kwa maana Osmel, tapeli kwa kila mtu, alikuwa mwaminifu kwa kitu kimoja duniani: gari lake la buluu. Alilinunua likiwa bati tupu, akalijenga kwa mikono yake miaka saba, na humo ndani hakuna skrubu ya uongo. Mkewe aliwahi kumwambia achague, yeye au gari. Osmel aliomba muda wa kufikiri, na mke hakungoja. Alilipenda lile gari. Jioni alilifuta vumbi kwa fulana yake mwenyewe na kuliaga kabla ya kuzima taa.

Idalmis aliporudi kuchukua gari lake, foleni ya dirishani ilikuwa ndefu. Akazungusha ufunguo. *Wiiiiii!* ikalia pampu kutoka nyuma. Watu wakapiga makofi na vikombe mkononi.

"Mama yangu!" Idalmis akapiga kelele. "Hili sasa linamshinda mtu yeyote! Hata wewe, kaka!"

Watu wakaguna kwa raha. Lázaro, bonge la mtu, dereva wa lori la mikate aliyefungiwa pampu na Osmel mwaka uliopita, akadakia: "Daktari, umetukanwa mbele ya kahawa yako."

"Nimemsikia," Osmel akasema, akitabasamu kwa unyenyekevu wa mtu aliyeona samaki akiruka mwenyewe ndani ya kikaango. Yeye ndiye pekee aliyejua kilichokuwa chini ya kiti kile. Gari jekundu likikanyagwa mpaka mwisho, pampu ile ya uchi ingeshindwa kulisha turbo, na gari lingekata pumzi katikati ya njia. "Lakini dada, mimi sishindani kwa maneno. Kadi kwa kadi."

Kadi kwa kadi maana yake aliyeshindwa anasaini kadi ya gari na kurudi nyumbani kwa miguu. Mtu akishatamka hivyo mbele ya mashahidi wa Migdalia, kurudi nyuma ni kuhama mji.

"Gari la marehemu mume wangu?" Idalmis akauliza, sauti ikimtetemeka.

"Kama unaogopa..."

"Naogopa sana," akasema. "Jumapili."

Jumapili asubuhi wote walikuwepo kwenye uwanja wa mbio ulioko ukingoni mwa kinamasi, robo maili ya lami iliyonyooka, na barabara ya kufika huko ina mifereji pande zote mbili. Migdalia alileta maandazi ya mapera. Osmel alilileta gari la buluu likiwa karibu kavu kwa makusudi, kisha akalimiminia madumu yale pale pale, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa supu.

"Unampa nini leo?" Lázaro akauliza.

"Dawa."

Injini ikawaka vizuri, maana bombani bado mlikuwa na mafuta ya zamani. Baada ya muda ikaanza kunguruma kwa kusitasita. Osmel akaona ni ukali wa mafuta ya mashindano. Akaupapasa usukani. "Tulia, mpenzi. Sasa hivi tu."

Taa ikageuka kijani. Gari la buluu likaruka kama limeumwa na nyuki, likaliacha jekundu urefu wa magari matatu, na Osmel akaanza kucheka peke yake mle ndani. Alikuwa bado anacheka injini ilipopiga chafya. Akakanyaga zaidi. Ikapiga nyingine, ikatema moshi na mlio kama bunduki, ikakosa nguvu kabisa, na gari lililojengwa miaka saba likaanza kujikokota, kisha likazima.

Dirisha la gari jekundu lilikuwa wazi lilipompita. Idalmis hakuwa amekanyaga hata nusu. Alikuwa anaendesha kama mtu anayekwenda misa, mkono mmoja ukimpungia, na nyuma yake pampu inapiga mluzi.

Watu walimkuta Osmel kapiga magoti mbele ya gari lake, mkono juu ya boneti.

"Kadi, kaka," Idalmis akasema. Ule mtetemo wa sauti haukuwepo tena.

"Umenihujumu!" Osmel akaruka juu. "Mnasikia? Yale hayakuwa mafuta ya mashindano! Yalikuwa yale ya mahindi, ethanoli! Injini inayataka kwa wingi zaidi, inataka pampu kubwa ya kweli! Gari langu halina..."

Akafunga mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Mafuta yapi?" Idalmis akauliza kwa upole. "Mafuta yangu yalikuwa ndani ya tanki langu. Si uliniapia utanirudishia kila tone?"

Osmel alitazama watu, watu wakamtazama. Akubali kuwa ni mwizi wa mafuta, mbio zifutwe, gari libaki na heshima iende. Au anyamaze, heshima ibaki na gari liende. Alipiga hesabu yake. Macho yakamlenga machozi, na hayo hayakuwa ya uongo. Akatoa kadi mfukoni, akaisaini juu ya boneti ya buluu, polepole sana.

"Kwa nini, dada?" akanong'ona. "Nilikukosea nini?"

"Mimi hujanikosea. Nina mdogo wangu, Reinier, ulimuuzia mluzi. Injini ikaungua njiani anakwenda kazini, akafukuzwa kazi. Nilipoambiwa unapenda kulinywesha gari lako mafuta ya wateja, nikajaza ya mahindi kituo cha jirani, nikaja kwako kwa mwendo wa jeneza." Akaikunja kadi. "Gari hili ni la Reinier sasa. Atalitunza. Umelitengeneza vizuri mno, kusema kweli."

Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Lakini mashaka ya Osmel ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza, kwa sababu Lázaro alikuwa bado amesimama pale pale, paji limekunjamana, akifikiri kwa shida.

"Subiri," akasema. "Kamuuzia Reinier mluzi?"

Akaenda kwenye gari lake, akafungua mlango wa nyuma, akaking'oa kiti kizima na kukitupa majanini. Akaingia na bisibisi. Wote wakasikia akilegeza kifuniko.

"Nembo ya kiwanda!" ikatoka sauti. "Ni ile ile yangu! Imevuliwa mpira!"

Kiti cha pili kikaanguka majanini. Kisha cha tatu. Punde uwanja mzima ulijaa viti vya nyuma na wanaume waliopiga magoti ndani ya magari yao, miguu imetokeza nje, wakitaja jina la Osmel pamoja na la mama yake.

Osmel alipapasa mfuko kutafuta ufunguo, kwa mazoea. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Idalmis. Akatazama ile barabara ndefu ya kurudi mjini, mfereji kulia, mfereji kushoto, na mamba wakiota jua kote kote. Bisibisi zikaanza kutoka ndani ya magari, moja baada ya nyingine, zikiwa na wenyewe.

Akavua viatu vyake vizuri, akavishika mkononi, akaanza kukimbia.